Karume kwa macho ya fundi: gauni lisilo na lebo, kopo la vifungo na glasi zenye namba

Soko la mitumba la Karume, hapa Dar es Salaam, siyo la bei rahisi tena, na nalisema mapema asije mtu akarudi kunilaumu. Blauzi ambayo zamani ilirushwa kwenye rundo la buku (elfu moja), leo imepigwa pasi, imetundikwa kwenye henga na inaitwa elfu saba, na muuzaji wala hashtuki ukigeuka kuondoka. Kama shida yako ni nguo ya kuvaa kesho kwenye kikao, nenda Kariakoo ununue mpya ya Kichina. Utatumia hela hiyohiyo na viatu vyako havitajaa vumbi. Mimi naendelea kwenda Karume kwa sababu ndipo ninapoweza kushika kazi ya fundi aliyeshona kabla sijazaliwa, nikaigeuza nje ndani, nikaona alimalizaje kwapa na alificha wapi uzi, kisha nikalipa elfu chache na kuondoka nayo.

Niseme na mimi ni nani, maana soko ni lilelile lakini kila mtu hulisifia au hulilaani kulingana na alichokifuata. Nina kibanda cha cherehani Buguruni. Nashona sare za shughuli, napunguza suruali, nabadilisha zipu, nafufua makoti ya watu wanaokwenda Njombe na Makete. Mitindo ya mwezi huu hainisumbui. Napenda kitu kilichotengenezwa na mtu aliyekuwa na muda, kiwe gauni, kifungo au kijiko. Mume wangu anaviita vikorokoro, na kabati la sebuleni limeshajaa, lakini chai anainywea kwenye glasi zangu zilezile.

Kwa mgeni wa jiji: soko liko Ilala, kata ya Mchikichini, jirani na Uwanja wa Karume, na Machinga Complex iko hapohapo. Kutoka Kariakoo unaweza kutembea kwa miguu ukifuata Barabara ya Uhuru, kutoka kwangu Buguruni ni daladala moja. Januari 2022 soko lote liliungua moto. Walioteketea mitaji yao ni watu ninaowajua kwa sura na kwa sauti, na baadhi yao nilidhani wameishia kijijini moja kwa moja. Wengi wamerudi. Yule kijana wa magauni niliyemzoea alirudi na meza nusu ya ile ya zamani, akaanza upya na nguo za watoto, sasa yuko tena kwenye magauni. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia soko hili ni la wavivu.

Kuna Karume ya alfajiri na kuna Karume ya saa nne, na hazifanani hata kidogo.

Alfajiri ni ya wanaopointi, yaani wanaochagua vipande bora belo likifunguliwa tu. Belo la kilo 45 linakatwa mikanda, plastiki inachanwa, na kabla nguo hazijapumua watu wameshazizunguka. Hao wengi wana maduka yao, wengine wanauzia kwenye simu. Wanajua wanachotaka: jina la kampuni, rangi inayotamba, saizi inayouzika. Mikono yao inapita kwenye rundo haraka mno, wanavuta kipande, wanatazama lebo shingoni, wanakitupa begani au wanakirudisha. Aliyepata mkono wa kwanza analipa zaidi kwa kila kipande. Kinachobaki kinapangwa kwenye meza kwa elfu tano, kisha elfu tatu, na jua likishakuwa kali kinamwagwa chini kwenye turubai na kijana anapanda juu ya kigoda anaanza: "Sagula sagula! Buku buku! Mama chagua, mtoto wa watu achague!" Jioni kabisa utasikia hata jero, yaani mia tano.

Mimi naingia saa nne. Shoga zangu wananiona mzembe, eti nimekubali makapi. Lakini wanaopointi wanasoma lebo, mimi nasoma mshono. Nguo ambayo haina lebo kabisa, ambayo mtu aliishona nyumbani kwake huko Ulaya kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, haina thamani kwa anayepointi. Hawezi kuipiga picha akaandika jina la kampuni chini yake. Kwa hiyo inashuka, meza hadi meza, mpaka inanifikia mimi kwa buku mbili.

Nitoe mfano wa gauni la bluu, maana hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike haya.

Lilikuwa limebanwa chini ya rundo la nguo za kulalia, na kilichoonekana ni kipande cha mkono tu. Krepu nzito, bluu iliyokoza karibu na nyeusi, kifua cha kawaida, kiuno kimebana, sketi imeachia. Kulitazama hivihivi ni gauni la bibi wa kanisani. Nikaligeuza nje ndani palepale. Zipu ya chuma, imewekwa ubavuni upande wa kushoto, siyo mgongoni. Mishono ya ndani haina ovaloku, kingo zimekatwa kwa mkasi wa meno ili zisifumuke. Pindo la chini ni pana, inchi tatu na ushee, limeshonwa kwa mkono kwa sindano inayochukua uzi mmoja mmoja wa kitambaa, kiasi kwamba upande wa nje huoni hata alama ya sindano. Na kwapani, hapo ndipo nilipokaa kimya kidogo, kuna kipande kidogo cha pembe nne kimeingizwa kati ya mkono na ubavu, ili mvaaji akinyanyua mkono kuchukua kitu kabatini gauni lote lisipande naye.

Asiyeshona hawezi kujua ni kazi gani hiyo. Kipande chenyewe hakizidi kiganja cha mtoto, lakini kina pembe nne na kila pembe lazima iangukie mahali pake bila kukunja. Ukikosea uzi mmoja kwapa linavuta maisha yote. Wanafunzi wangu nikiwapa kazi hiyo wananiuliza kama haiwezekani kuweka mkono wa kawaida tu. Huyu aliyeshona hili la bluu aliweka vyote viwili vimekaa sawa, halafu ndani ya mshono wa kiuno akashikiza kifungo cha akiba kilichofunikwa kwa krepu ileile, kisipotee.

"Anti, hilo la kizamani, chukua buku mbili," kijana akasema, hajageuka hata kunitazama.

"Buku jero."

"Aah, anti, asubuhi yote hii! Niungishe basi."

Nikamwungisha. Buku mbili kwa gauni hilo sitapigania jero, nina aibu zangu. Lakini nilimdai mkanda uliokuwa umeanguka pembeni, nao akanipa, na haukuwa hata wa gauni hilo.

Watu huniuliza nitajuaje kama nguo ni ya zamani kweli au imechoka tu. Hakuna alama moja, unaunganisha kidogo kidogo. Lebo ikiwa na anwani ya tovuti, hiyo ni ya juzi, wala usijidanganye. Lebo ya St Michael ilikuwa ya maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza, walianza kuitumia 1928 na wakaiacha mwaka 2000, kwa hiyo kadigani ya St Michael unajua haijazaliwa leo, na sufu yake huwa imesukwa kwa moyo. Ikiandikwa imetengenezwa "W. Germany", yaani Ujerumani Magharibi, basi ilitoka kiwandani kabla Ujerumani mbili hazijaungana mwaka 1990, kwa sababu nchi hiyo haipo tena kwa jina hilo. Nina shati moja la mume wangu la namna hiyo na kola yake bado inasimama kuliko za wanawe. Zipu ya chuma ni dalili nzuri lakini siyo ushahidi peke yake, maana hata jinzi za leo zinayo. Kwenye jinzi vijana wote sasa wanajua ile habari ya kitambaa chekundu cha Levi's, kwamba neno lenye "E" kubwa liliisha mwaka 1971 na baada ya hapo ikawa "e" ndogo. Wanajua sana kiasi kwamba kuna mahali, tena siyo Karume, nilionyeshwa suruali yenye "E" kubwa iliyoshikizwa kwa uzi mpya unaong'aa kwenye mfuko uliopauka. Nilimrudishia mwenyewe bila maneno. Naye akaipokea bila maneno.

Kitambaa ndicho watu wanachodanganywa nacho zaidi, kwa sababu kila kinachong'aa kinaitwa hariri. Mimi huwa na kiberiti kwenye pochi. Namwomba muuzaji nichomoe uzi mmoja kwenye pindo, nauchoma mbali na nguo. Hariri na sufu vinanuka nywele zilizoungua na jivu lake linasagika kwenye vidole. Pamba na kitani vinanuka karatasi. Poliesta inayeyuka na kuacha kitonge kigumu cheusi. Wauzaji wanaonifahamu siku hizi wananiita wenyewe, "Anti njoo tuchomee hii", ili wajue waseme bei gani. Nimekuwa maabara yao ya bure, na ujira wangu ni kuonyeshwa kwanza.

Usisahau mifuko ya makoti. Nimeshakuta tiketi ya basi iliyofifia, senti za Ulaya, na karatasi ndogo yenye orodha ya manunuzi kwa Kiingereza: mayai, maziwa, betri. Ile karatasi nimeibandika ukutani karibu na cherehani. Nilipomwuliza muuzaji kama vya mfukoni ni vya nani, akasema hela ikiwa ya huko ni yako, ikiwa ya hapa ni yake.

Kuna gauni jingine nililolikuta, fupi, juu kabisa ya magoti, la maua makubwa ya chungwa na kahawia, la mtindo ule wa mwishoni mwa miaka ya 60. Nikacheka peke yangu. Hapa kwetu mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi na suruali za kubana zikawa matatizo mitaani. Halafu gauni lenyewe, au pacha wake, linakuja kutembea Ilala miaka zaidi ya hamsini baadaye likiwa kwenye belo, na anayeliuza ni mtoto wa miaka ishirini ambaye hana habari kama liliwahi kumkosesha mtu amani. Nililinunua kwa elfu tatu. Binti yangu analivaa na suruali chini, basi Umoja wa Vijana wapumzike.

Sasa vitu vidogo, ambavyo kwangu ndivyo utamu wenyewe.

Ukipita wauza mikoba kuna mama mtu mzima anayetandika turubai lake chini, vyombo vya mtumba na takataka za kila namna: visosi visivyo na vikombe, vikombe visivyo na visosi, vijiko, fremu za picha, miwani, mabati ya biskuti. Hapigi kelele. Ukichukua kitu anakutazama usoni kabla ya kutaja bei, na nina hakika bei iko usoni kwako. Shikamoo yako ikitangulia inapunguza walau jero.

Kwake ndiko nilikopata glasi zangu tano za Duralex. Ukipindua glasi ya Duralex utaona chini kabisa, katikati ya kitako, jina la kampuni limechomoza kwenye kioo, neno la Ufaransa, na namba. Namba hiyo ni ya kalibu iliyotumika kiwandani, lakini watoto wa Kifaransa shuleni huipindua kila mmoja glasi yake na kusema hiyo ndiyo miaka yake, halafu mkubwa anamtuma mdogo maji. Kampuni yenyewe ilianza 1945 karibu na mji wa Orléans. Kioo chao kimekazwa kwa joto, kinavumilia chai inayochemka na kinavumilia kuanguka, na siku kikikubali kuvunjika kinasambaratika vipande vidogo vidogo badala ya mapande makali. Zangu zina namba tofauti. Mume wangu ana 12, na kila jioni lazima aseme kitu juu ya hilo. Nilitoa elfu moja kila moja, na nilipomwambia mama nahitaji ya sita akasema, "Mwanangu, na mimi nahitaji nyumba Mbezi."

Bati la biskuti la bluu nalo lazima nilitaje. Mnalijua, lile la biskuti za siagi za Denmark, ambalo katika nyumba za Waswahili halijawahi kufunguliwa likakutwa na biskuti. Nilidhani ni tabia yetu sisi. Kumbe hata huko zilikotoka ni hivyohivyo: bati nililolinunua kwa mama yule lilikuja na belo la vyombo kutoka Uingereza, na ndani yake limejaa vifungo. Elfu nne, nikalifunga bila kuchagua maana nilijua nikianza kuchagua mbele yake bei itapanda. Nyumbani nilivimwaga kwenye sinia. Vifungo vya chaza vinavyobadilika rangi ukivigeuza kwenye mwanga, vya ngozi vilivyosukwa, vya mbao, kimoja cha bati chenye nanga ambacho bila shaka kilitoka kwenye koti la baharia au la mtoto aliyetaka kuwa baharia. Na chini kabisa, kastabani ya chuma iliyochakaa upande mmoja tu, upande ambao kidole cha kati kinasukuma sindano. Inanikaa. Nikishona pindo kwa mkono siku hizi naivaa hiyo, na vishimo vilivyoliwa vinakutana na mkono wangu palepale.

Chaza ya kweli ukiigusisha kwenye meno ni baridi na ina mkwaruzo, plastiki ni laini na ina uvuguvugu. Nimeshatoa seti moja ya vifungo kumi na mbili kwenye bati hilo na kuviweka kwenye kanzu ya bwana harusi mmoja wa Temeke, na gharama ya vifungo hivyo kwenye ankara ilizidi bati zima. Biashara ni biashara.

Mama huyohuyo ana mfuko wa sarafu zetu za zamani. Zile zilizotoka mwaka 1966 zenye sura ya Mwalimu upande mmoja, ya senti 20 ina mbuni, ya senti 50 ina sungura, na zile za kikoloni za Afrika Mashariki zenye tundu katikati ambazo bibi zetu walizitunga kwenye uzi. Anaziuza ghali kwa watalii na kwa sisi anazitaja bei ya kitalii vilevile, hapo sikumsifu. Kitenge cha Urafiki nilichokikuta kwake ndicho kilichonifurahisha zaidi, yadi sita hazijakatwa, jina la kiwanda limechapwa ukingoni, rangi ya kijani haijapauka. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na mama yangu alikuwa na doti za hapo ambazo tulizitumia mpaka zikawa nepi. Hiki sijakikata. Naogopa mkasi.

Hapo ndipo watu huniletea lile swali la siasa, kwamba wewe fundi unanunuaje mtumba wakati mtumba ndio uliowaua mafundi na viwanda. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuziondolea nchi nafuu ya AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru, wengi wetu tukarudi nyuma, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo. Sina jibu la kuwafundisha mawaziri. Ninachojua ni cha kwenye kibanda changu: nusu ya kazi ninazopokea ni nguo za mtumba zinazotaka kupunguzwa, na nilichojifunza kuhusu kwapa nimejifunza kwa kufumua magauni ya Karume, kwa sababu aliyenifundisha kushona hakujua. Kinachoniua mimi ni gauni la elfu kumi na tano lililoshonwa kwa gundi na matumaini, linalofumuka kabla ya keki kukatwa.

Na zile kurasa za mtandaoni? Nimeziona. Msichana anakwenda Karume alfajiri, anapointi, anafua, anapiga picha kwenye ukuta mweupe, na gauni la elfu tano linakuwa elfu arobaini na tano na usafiri juu. Simlaumu, ameamka saa kumi na ameshika mavumbi kwa niaba yako, hiyo ni kazi halali. Kwa mtu asiye na muda ni huduma nzuri. Lakini unachonunua pale ni nguo tu. Ile shughuli ya mkono kupita kwenye nailoni, nailoni, nailoni, poliesta, halafu vidole vikasimama vyenyewe kwenye kitu baridi kizito kabla macho hayajaona, hiyo amebaki nayo yeye. Ningekuwa mimi ndiyo ningeitoza.

Kasoro zipo na sizifichi. Hakuna pa kujaribia nguo, kama ilivyo kwenye meza za mtumba kila mahali. Vioo ni vile vya kushika mkononi, unajiona bega tu. Harufu ya dawa ya kwenye mabelo inakaa kooni mpaka jioni, mwenye pumu ajifikirie. Mkoba wako uwe mbele siku zote. Ukiangalia nguo angalia kwapa kwanza (jasho la zamani linaozesha kitambaa na hakuna sabuni inayorudisha), kisha inua kitambaa kwenye jua utafute vitundu vya nondo, kisha zipu iende na irudi mara kadhaa. Usiamini "itatoka tu ukifua". Doa lililosafiri kutoka Ulaya likafika hapa halitoki tu.

Ukifika nyumbani usiitie kabatini. Pamba loweka maji ya moto na sabuni ya kawaida. Sufu na hariri maji baridi, sabuni kidogo, siki vijiko viwili kwenye suuza ya mwisho kuondoa ile harufu, na usikamue kwa kusokota, ikandamize ndani ya taulo. Sufu ianike kivulini imelala. Hili la bluu lilikaa kwenye kamba siku mbili likipigwa na upepo tu, ndipo nikathubutu kuligusisha maji.

Nyota nampa nne kijana wa magauni, na mama wa turubai tano pamoja na ukaidi wake wa sarafu. Wanaopointi siwapi kitu, hatuko soko moja.

Siku nzuri ni katikati ya wiki, Jumamosi kunajaa mno. Beba noti ndogondogo, ukitoa msimbazi (noti ya elfu kumi) kwa kitu cha buku mbili chenji itakuwa hadithi. Kinamama, vaeni sketi ya kuvuta na fulana nyepesi inayobana ili muweze kupitisha gauni juu yake palepale na kulishusha hadi chini bila kumwonyesha mtu kitu. Na ukimkuta mtu ameshika nguo uliyoipenda, hata kama ameishika kwa vidole viwili na anatazama pembeni, usiivute mkononi mwake. Simama karibu, jifanye unatazama nyingine, umsikilize muuzaji akitaja bei. Akiiweka chini ni yako. Ukiivuta kabla hajaiweka utatukanwa wewe, atatukanwa aliyekuleta, na soko zima litasaidia.